Kupiga picha jua lenyewe: kinachoungua ni lenzi, sensa au jicho? Wazoefu njooni

Mwangaza Tele (mleta mada)
Salaam wakuu. Nina kamera isiyo na kioo (mirrorless) na lenzi ndefu ya milimita 150-600. Machweo nimeyapiga sana, sasa nataka jua lenyewe likiwa juu, nione na yale madoa yake meusi. Tatizo kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja anasema lenzi itapasuka. Mwingine anasema lenzi haina neno, kinachokufa ni sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea picha. Wa tatu kaniambia nifunge filta ya UV, niweke f/22 (namba ya f ikipanda, tundu la lenzi linakuwa dogo), nipige bila wasiwasi. Nimshike nani hapo? Na kama kuna ambaye kifaa chake kimeshaungua, aseme kiliungua wapi hasa.

Shata Moja
Huyo wa tatu achana naye leo hii. Filta ya UV ni kioo cheupe, mwanga wote unaouona unapita na joto linapita. Kazi yake ni kuzuia vumbi na mikwaruzo, basi.

Fundi Darubini
Mleta mada, swali zuri, ngoja nilifungue kidogo.

Vioo vya lenzi vyenyewe ndivyo vinavyoumia mara chache zaidi, kwa sababu karibu mwanga wote unavipita. Kitu kinapata moto pale kinapoukamata mwanga. Kwa hiyo tafuta kilichokaa pale mwanga unapokusanyika au karibu na hapo: vile vibapa vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la lenzi, pazia la shata linaloifunika sensa, na sensa yenyewe. Jua likipita kwenye lenzi ndefu linashuka kama pia ya kuchezea, pana mbele, jembamba nyuma. Chochote kilicho karibu na ncha ya ile pia ndicho kinachoungua.

Mwaka 2017, jua lilipopatwa kule Marekani tarehe 21 Agosti, kampuni moja inayokodisha kamera ilipokea vifaa vilivyorudishwa vimeharibika. Sensa zimeungua, mapazia ya shata yametoboka, na lenzi kubwa za bei mbaya vibapa vyake vimeyeyuka. Wateja walikuwa wameonywa watumie filta.

Dawa ni moja: filta ya jua, ikae MBELE ya lenzi, kabla mwanga haujaingia. Siyo nyuma, siyo kwenye kile kidroo cha filta ambacho lenzi kubwa huwa nacho karibu na kamera. Pale nyuma filta yenyewe inapokea mwanga ulioshakusanywa, inaweza kupasuka ghafla, na ikipasuka kila kilichoko nyuma yake kimebaki uchi, jicho lako likiwemo.

Bin Machweo
Wakuu mnatisha watu bure. Mimi jua naliweka ndani ya fremu mara kwa mara, bila filta, na sensa yangu nzima kabisa.

Dada Lenzi
Bin Machweo kaka, jina lako linajibu. Jua la machweo limepita kwenye hewa nene kupindukia. Likigusa upeo wa macho mwanga wake umepita kwenye hewa takriban mara 38 ya ile ya utosini. Ndiyo maana linakuwa jekundu na unaweza kulitupia jicho. Mleta mada anaongelea jua la juu, kwa 600. Na sidhani kama wewe machweo yako unapigia 600.

Bin Machweo
24 mara nyingi. Ila na adhuhuri pia nimeshalipiga, lile la miale kama nyota, f/16.

Kokotoa
Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanapozungushana.

Jua angani lina upana wa karibu nusu digrii. Picha yake kwenye sensa ni urefu wa fokasi (ile namba ya milimita ya lenzi) ukigawa kwa 109 hivi. Kwa 24 ni kama milimita 0.22. Kwa 600 ni milimita 5.5. Jua kali linamwaga takriban wati 1,000 kwa kila mita mraba ya ardhi. Sasa:

24 kwa f/16: tundu ni milimita 1.5 tu, kinachoingia hakifiki hata sehemu mbili za elfu za wati moja. Hapo Bin Machweo lazima asalimike.
600 kwa f/6.3: tundu ni milimita 95, kinachoingia ni kama wati 7. Zote zinaangukia kwenye doa la milimita 5.5.

Weka chuma cha kuunganishia waya cha wati 7 juu ya sensa yako uniletee majibu.

Shata Moja
Kokotoa hapo umesahau namba ya f. Mkolezo wa mwanga kwenye doa hauutegemei urefu wa lenzi, unategemea f. Lenzi ya 50 kwa f/1.8 inakoleza mwanga wa jua zaidi ya mara 3,000. Hiyo 600 yako kwa f/6.3 ni mara 300 tu. Kwa hiyo kumwambia mtu aogope lenzi ndefu na asiogope 50 ni kumpoteza.

Kokotoa
Sijasahau, nilikuwa nakuja huko. 50 kwa f/1.8 inaingiza wati 0.6 tu, ila kwenye doa la nusu milimita. Doa dogo kwenye kitu kinene linapoa haraka kwa sababu joto linakimbilia pembeni. Ukitaka makisio ya doa litapanda joto kiasi gani, gawa wati kwa upana wa doa. 0.6 gawa kwa 0.46 unapata 1.3. 7 gawa kwa 5.5 unapata 1.3 vilevile. Yaani hizo lenzi mbili ni sare!

Fundi Darubini
Hesabu nzuri, ila inakubali kwa sensa, ambayo ni kipande kinene cha silikoni. Vibapa vya tundu na pazia la shata ni vyembamba mno, joto halina pa kukimbilia. Na kwenye sensa yenyewe silikoni siyo ya kwanza kuungua. Juu yake kuna rangi za kuchujia nyekundu, kijani na bluu, na vilenzi vidogo vya plastiki. Hizo ndizo zinazotangulia.

Shata Moja
Nakubali kuhusu vibapa. Kuhusu sensa bado nasema f kwanza.

MamaPicha
Naomba niingilie na kesi yangu maana mnaielezea bila kuijua. Kamera yangu ina alama. Kila picha, sehemu ileile juu kulia, kuna mstari mwembamba uliopinda kidogo, rangi ya zambarau iliyopauka. Juani hauonekani sana, ila ukipiga ukuta mweupe unaona kabisa. Niliwahi kuacha kamera kwenye tripodi ikipiga picha za mfululizo za mawingu na jua likapita kwenye kona ya fremu. Lenzi 35. Je, ni hiyo?

Dada Lenzi
Dada, jua ndilo hilo. Kamera ikiwa imetulia, jua linatembea robo digrii kwa dakika. Linajichorea mstari wake lenyewe, na kwa lenzi pana mstari huo unapinda. Ingekuwa umelikamata mara moja tu ungepata nukta, siyo mstari.

Bin Machweo
Au ni vumbi.

Shata Moja
Vumbi halina rangi ya zambarau. Vumbi ni kivuli cha kijivu, na ukifungua tundu hadi f/2 linapotea. MamaPicha piga ukuta kwa f/2 na kwa f/16, halafu badili lenzi, upige tena. Alama ikibaki palepale na ukubwa uleule, ni ya sensa.

Kokotoa
Mimi siamini ni jua. 35 kwa tundu dogo, na jua linahama kila dakika, halikai mahali pamoja likapika. MamaPicha, hujawahi kupiga tamasha lenye taa za leza? Leza ikifagia ukumbi inaacha mistari ya hivyohivyo, na inachukua kufumba na kufumbua tu.

MamaPicha
Tamasha nimepiga, ndiyo. Na harusi yenye taa za namna hiyo. Sasa mmenichanganya zaidi.

Mzee Filamu
Vijana habari zenu. Haya mambo hayakuanza na sensa. Kamera zetu za zamani za kitafutio cha pembeni, zile zisizo na kioo na zenye pazia la kitambaa, ukiziacha juani bila kifuniko lenzi ikitazama juu, pazia linatoboka tundu dogo kama la sindano. Unakuja kugundua ukisafisha filamu: kila picha ina nukta nyeupe isiyojulikana imetoka wapi. Kwa hiyo hilo pazia mnalosema linaungua, linaungua tangu enzi za babu zenu.

Na mkitaka kisa kikubwa, Novemba 1969 wanaanga wa Apollo 12 walipeleka kamera ya televisheni ya rangi mwezini. Alan Bean alipokuwa akiihamisha kuifunga kwenye stendi yake, ikatazama jua. Mrija wa picha ukaungua papo hapo, dunia nzima ikakosa matangazo ya picha ya matembezi yaliyobaki. Mtu aliyefunzwa miaka, na ilitosha kuigeuza vibaya mara moja.

Msomaji Kimya
Mzee Filamu asante, hicho cha Apollo sikukijua. Na hivi picha ya kwanza ya jua ilipigwaje kama hakukuwa na filta?

Mzee Filamu
Fizeau na Foucault, Ufaransa, tarehe 2 Aprili 1845, kwenye bamba la fedha. Waliliachia jua sehemu moja ya 60 ya sekunde, na madoa yalionekana. Bamba la wakati ule lilikuwa zito kupokea mwanga, ndiyo maana iliwezekana.

Mwangaza Tele
Nafuatilia kwa makini wakuu. Swali: yule wa f/22 ana hoja yoyote? Nikifunga tundu si mwanga unapungua?

Fundi Darubini
Unapungua kwenye sensa, lakini uliozuiwa umeenda wapi? Umepokelewa na vibapa. Ndivyo vinavyotoboka. Halafu kwa kamera za kioo (DSLR) kuna mtego mwingine: unapochungulia, tundu liko wazi kabisa hata kama umeandika f/22. Linajifunga sekunde ile ya kupiga tu. Wakati wote unaotafuta fremu, wati zote zinapanda kwenye kioo na kuingia jichoni. Kwa hiyo f/22 haimlindi mtu, inampa moyo tu.

Nuru Kali
Hapo kwenye jicho mmepita haraka mno na ndipo penye msiba. Sensa unanunua nyingine. Retina haina neva za maumivu. Inaungua na wewe husikii kitu, saa kadhaa baadaye ndipo unaona doa katikati ya kila unachokitazama. Mwenye kamera ya kioo asichungulie jua kabisa bila filta ya jua mbele. Kabisa. Hata "nusu sekunde tu nipange fremu".

Shata Moja
Nakazia.

Nuru Kali
Na nyinyi wa kamera zisizo na kioo msijione mmepona. Mnachokiona kwenye kitundu cha kuchungulia ni skrini ndogo, jicho liko salama, sawa. Ila sensa iko wazi muda wote kamera ikiwa imewashwa, haina kioo cha kuikinga. Baadhi zinafunga pazia ukizima, baadhi haziifungi. Na pazia lenyewe likifungwa ndilo litakalopokea moto.

Tena kuna ajali ambayo hakuna aliyeitaja: jua kuingia kwa NYUMA. Kile kitundu cha kuchungulia kina lenzi ya kukuza. Ukiiweka kamera mezani au ikining'inia shingoni mgongo ukitazama jua, lenzi ile inakusanya mwanga kwenye skrini ndogo ya ndani. Doa la manjano linabaki pale, kila ukichungulia unaliona. Vitabu vya maelekezo vya kamera nyingi vinaonya, watu hawasomi.

Bin Machweo
Subiri. Kwenye kitundu changu kuna kidoa cha njano pembeni. Nilijua ni uchafu wa ndani.

Dada Lenzi
Pole kaka. "Sensa yangu nzima kabisa" ilikuwa kweli, hukusema habari za kitundu. 😄

Mwangaza Tele
Sasa filta gani? Nina ND1000, filta nyeusi ya kupunguza mwanga ninayopigia maporomoko ya maji. Haitoshi?

Kokotoa
Haitoshi. ND1000 inapitisha moja ya elfu. Filta ya jua ya kuangalia na kupiga ni ND 5.0, inapitisha moja ya laki moja. Angalia uandishi wa namba, watu wanaponea hapo au wanafia hapo: kuna watengenezaji wanaoandika mara ngapi mwanga unapunguzwa, kwa hiyo 1000, na kuna wanaoandika kwa nukta, kwa hiyo 3.0. ND1000 na ND 3.0 ni kitu kimoja. ND 5.0 ni ND100000. Ipo na 3.8, inapitisha kama moja ya 6,300, hiyo ni ya kamera peke yake, usiitazamie kwa jicho.

Bin Machweo
Akibandika ND1000 na ND64 si inakuwa 64,000?

Kokotoa
Kwa mwanga unaoonekana, ndiyo. Kwa infraredi, ile miale ya joto isiyoonekana, siwezi kukuhakikishia, nyingi za kawaida zinaipitisha. Picha itatoka nzuri na huku joto linaendelea kuingia.

Shata Moja
Wapo wanaopiga hivyo kwa skrini ya nyuma na hakijatokea kitu. Mimi sisemi ni kosa kama hakuna anayechungulia na lenzi inafunikwa kila baada ya picha.

Nuru Kali
Mimi nasema ni kosa. Karatasi maalum ya filamu ya jua ipo na ni nyepesi kununulika kuliko sensa.

Msomaji Kimya
Kioo cha kuchomelea vyuma je? Na filamu ya eksirei?

Fundi Darubini
Kioo cha kuchomelea cha namba 14 kinakinga jicho, lakini kwa kamera picha inatoka kijani na imefifia, kile kioo hakikusuguliwa kwa ajili ya picha. Namba za chini usiguse. Filamu ya eksirei, kioo cha moshi, sidii, miwani ya kawaida ya jua: hapana kwa vyote. Na ile miwani ya karatasi ya kupatwa kwa jua yenye alama ya kiwango cha ISO 12312-2 ni ya macho matupu. Ukiivaa halafu ukachungulia kwenye lenzi isiyo na filta, mwanga uliokusanywa unaitoboa, kisha unafika kwako.

Msomaji Kimya
Naweza kuiweka mbele ya simu basi?

Fundi Darubini
Mbele ya lenzi ya simu, ndiyo, inafanya kazi vizuri.

Dada Lenzi
Simu bila kitu inahimili jua la kupita kwenye picha, tundu lake ni dogo mno. Ila usiielekeze kwa muda mrefu, na usibandike kile kilenzi cha kukuza. Mwaka 2024 NASA waliulizwa hilo hilo wakajibu kwamba sensa ya simu nayo inaweza kuharibika, hasa ukiongeza lenzi ya kukuza.

Mzee Filamu
Mtu akiwa hana filta yoyote, atoboe karatasi kwa pini, aache jua lipite, lianguke kwenye karatasi nyingine nyeupe, apige picha ile ya kwenye karatasi akiwa amelipa jua mgongo. Hakuna kinachoungua. Watoto wanaweza kufanya.

Mwangaza Tele
Nimeamua karatasi ya filamu ya jua, 5.0. Nifanyeje nisiharibu siku ya kwanza?

Fundi Darubini
Kabla ya kila safari, inua filta mbele ya taa uangalie kama ina vitundu. Kipo hata kimoja kikubwa, tupa. Usiivute ikakaza kama ngoma. Ikiwa na mikunjo kidogo picha haidhuriki. Ifunge na gundi ya karatasi kuzunguka lenzi, upepo ni adui. Kuipata shabaha usichungulie juu ya lenzi. Tazama kivuli cha lenzi chini, kikiwa kidogo kuliko vyote, umelenga. ISO 100, f/8, anza na 1/500 kisha pandisha na shusha. Fokasi ya kiotomatiki izime, tumia ukingo wa jua au doa jeusi, kuza skrini, ukipata, bandika gundi kwenye pete isisogee. Geuza lenzi mbali na jua kabla hujaondoa filta, siyo baada.

Na usishangae rangi. Filamu nyingi zinatoa jua jeupe au la bluu kidogo, filta za kioo zinatoa chungwa. Jua lenyewe ni jeupe.

Dada Lenzi
Kwa watakaopiga kupatwa kwa jua: filta inatoka pale tu jua limefunikwa LOTE, na inarudi kabla halijachomoza upande wa pili. Kupatwa kwa pete filta haitoki hata sekunde moja, kile kipete kilichobaki kinaunguza vilevile.

MamaPicha
Nimerudi. Nimepiga ukuta f/2 na f/16, nimebadili lenzi. Mstari uko palepale, unene uleule.

Shata Moja
Basi ni sensa, vumbi tumelitoa.

Dada Lenzi
Na umepinda. Leza inaenda moja kwa moja. Ni jua.

Kokotoa
Leza haiendi moja kwa moja kama kioo kinachoirusha kinazunguka, au kama wewe ulikuwa unasogeza kamera. Na nauliza tena: 35, tundu gani siku ile ya mawingu?

MamaPicha
f/2, nilikuwa nimesahau kifaa kwenye mpangilio wa usiku. Nilitumia shata ya kasi.

Shata Moja
f/2! Nilisema f kwanza. Karibu mara 3,000 hiyo, na kasi ya shata haisaidii kitu, kamera isiyo na kioo inapokea mwanga hata kati ya picha na picha.

Kokotoa
Kama robo ya wati tu, kwa milimita 0.32, tena zinatembea. MamaPicha, tafuta picha za ile harusi zenye taa. Kama mstari upo kwenye picha za harusi na harusi ilitangulia mawingu, nina haki. Kama haupo, nampa Shata Moja mkono.

MamaPicha
Harusi na mawingu ni wiki moja. Diski iko kwa mdogo wangu, akirudi nitaangalia tarehe nizilete hapa.